Watwana wa Dunfermline na madai manne ya mwaka 1320

Uskoti iliuzika ukabaila rasmi Novemba 28, 2004. Msomaji asidhani ni kosa la chapa. Hadi siku hiyo, mwenye nyumba mjini Edinburgh aliweza kushika hati yake mkononi na bado, kisheria, akawa na mkubwa juu yake, ambaye pengine angemdai malipo kabla hajaongeza chumba uani. Sheria iliyopitishwa na Bunge la Uskoti mwaka 2000 ndiyo iliyoukata mnyororo huo. Tarehe hiyo inaporudi, maneno huwa ya hati na viwanja. Mimi nataka kuwataja waliokuwa mwisho kabisa wa mnyororo: watwana, ambao hawakuwa na hati bali waliandikwa ndani ya hati, pamoja na malisho, vinu na mito ya samaki.

Mfumo huo wa ukabaila uliletwa na Mfalme David I, aliyetawala kuanzia 1124 hadi 1153. Alikulia katika jumba la kifalme la Uingereza, akarudi na makabaila wa Kinormani, akawagawia ardhi kwa sharti la kumpigania. Robert de Brus alipata bonde la Annandale. Utwana ulikuwapo hata kabla yao. Wao waliutia wino.

Aliyeutoa wino huo gizani ni Cosmo Innes, mwanasheria na mwanahistoria wa Edinburgh, ambaye mwaka 1842 alichapisha daftari la Abasia ya Dunfermline. Namfuata yeye kwa mengi kwa sababu aliyasoma maandishi yenyewe. Humo mna nasaba za watwana: fulani mwana wa fulani, mwana wa fulani. Kwetu nasaba huandikwa kwa fahari ya ukoo. Wamonaki wa Dunfermline walikuwa na sababu nyingine. Mtoto wa mtwana alikuwa mali ya abasia, na mjukuu vilevile, hivyo akitoroka ilibidi ijulikane ni wa nani. Mfalme David mwenyewe alitoa amri kwamba watoro wa abasia hiyo warudishwe popote watakapoonekana.

Na waliuzwa. Katika karne ya 12 Richard de Moreville, mmoja wa wakuu wa ufalme, aliwauza ndugu wawili, Edmund na Gillemichael, pamoja na watoto wao na vizazi vyao, kwa maki 3. Mwaka 1247 Turkil Hog, na wanawe wa kiume na wa kike, aliuzwa kwa watawa wa Coldingham kwa maki 3 za fedha. Muuzaji aliandika kwamba alikuwa amebanwa na shida. Maki 3 zilikuwa shilingi 40 za wakati ule. Ndiyo iliyokuwa bei ya familia nzima.

Maisha yao ya kila siku yalikuwa ya ujima na ya jasho. Plau nzito ilivutwa na maksai wanane, na ni wachache mno waliokuwa na wote wanane, basi kila jirani akaleta wake. Walilima vipande vyembamba vilivyochanganyikana na vya wenzao, wakapanda shayiri na oti. Hata wakulima wa hali bora kidogo, wenye kulipa kodi, hawakuepuka kazi za bwana. Kijijini Bowden, kwenye ardhi ya Abasia ya Kelso, mpangaji alitoa shilingi 6 na peni 8 kwa mwaka, kisha akavuna shamba la abasia siku nne yeye, mkewe na jamaa yake, na bado akadaiwa kubeba mizigo ya watawa. Binti wa mtwana akiolewa, bwana alilipwa. Baba akifa, bwana alichukua mnyama bora zizini. Nafaka ilisagwa kwenye kinu cha bwana na kukatwa ushuru hapo hapo. Sheria ya mwaka 1284 ilikataza hata jiwe la kusagia la mkononi, isipokuwa dhoruba ikizuia njia. Mama aliyesaga unga wa uji kwake alikuwa mkosaji.

Hawa ndio watu waliosimama mbele ya baraza la uchunguzi mwaka 1320, wakidai haki zao kwa Abasia ya Dunfermline. Madai yao yalikuwa manne, na yanaonyesha walivyojiona wenyewe. Kwanza, wapewe msimamizi wa damu yao, wa kuwatoa katika mahakama kali za nje na kuwarudisha kwenye baraza la abati. Wazee wa baraza wakajibu: msimamizi wa namna hiyo watapewa, ila kwa desturi tu, si kwa haki ya kudumu. Pili, mwenzao akifukarika au akizeeka hajiwezi, abasia imtunze. Jibu: si haki yao, lakini abasia itafanya hivyo kwa mapenzi, kwa kuwa ni watu wake. Tatu, mwenzao akitenda kosa na kukimbilia hifadhi ya kanisa la Dunfermline, alishwe muda wote atakaokaa. Jibu: hata mgeni angelishwa, sembuse mtu wao.

Dai la nne ndilo lililowashangaza wazee. Mtwana akiua na kutozwa faini, abasia ichangie maki 12. Wakajibu kwamba tangu kuzaliwa kwao hawajapata kusikia neno kama hilo.

Mimi nasimama na watwana. Sisifu kuua, nasifu hesabu yao. Kama mtu ni mali ya bwana, basi bwana abebe na deni lake. Familia nzima iliuzwa maki 3. Wao walidai 12 kwa kichwa kimoja. Watu wasiojua kusoma waliikamata sheria mahali penye kidonda chake, na baraza halikuwa na jibu isipokuwa mshangao.

Mwaka huo huo, mwezi Aprili, mabwana wa Uskoti walimwandikia Papa Yohane XXII barua ya kudai uhuru wa nchi yao, ambayo leo tunaiita Azimio la Arbroath. Uhuru waliouandika haukuwafikia watu wa Dunfermline.

Utwana ulilegea wenyewe. Tauni ya mwaka 1349 ilipunguza mikono ya kulima, na kabaila aliyetaka shamba lake lisigeuke pori ilimlazimu kupangisha kwa kodi. Dai la mwisho la kumiliki watwana linalojulikana kuthibitishwa mahakamani Uskoti lilikuwa la Banff, mwaka 1364. Aibu ni kwamba nchi iliyotangulia hivyo iliwafunga upya wachimba makaa ya mawe kwa sheria ya mwaka 1606, wasifunguliwe kabisa hadi 1799.

Ardhi yenyewe bado haijagawanyika. Wakazi wa kisiwa cha Eigg walikinunua kisiwa chao mwaka 1997, lakini hesabu iliyotolewa mwaka 2014 ilionyesha kuwa nusu ya ardhi ya watu binafsi vijijini ilikuwa mikononi mwa wamiliki 432.

Azimio la Arbroath limehifadhiwa Edinburgh. Daftari la Dunfermline nalo limo katika mji huo huo, kwenye Maktaba ya Taifa ya Uskoti. Mwalimu wa historia anayefundisha la kwanza, asiwanyime wanafunzi wake yale madai manne.