Mafundi redio wasio na majina, na lehemu iliyoko kwenye gari la rimoti

Leo tuwaache mastaa wapumzike. Nina stori ya watu ambao wengi wao hawajawahi hata kupigwa picha wakiwa kazini.

Siku hizi ukiperuzi mtandaoni hukosi video ya dogo wa Kibongo kaunda gari la rimoti kwa mikono yake. Bodi ya mbao au ya bomba la plastiki, mota, betri ya kuchaji, kontrola ya spidi, mpaka taa za mbele. Chini kwenye maoni huwa ni yale yale: kafundishwa na Wachina, YouTube imesaidia sana, hiki ni kipaji cha kuzaliwa. Sawa, YouTube imesaidia, sikatai. Ila pale pagumu kuliko pote kwenye gari lile ni pale waya wa mota unaposhikana na waya wa kontrola, na kazi ya kushikanisha waya kwa lehemu ilikuwa inafanyika Namasakata, huku kwetu Ruvuma, kabla nguzo ya umeme haijasimama. Walioifanya hawamo kwenye kitabu chochote cha historia. Tuliwaita fundi redio, tukamaliza.

Ngoja niende mbali kidogo kwanza. Mwaka 1898 jamaa anaitwa Nikola Tesla alionyesha watu wa New York boti ndogo inayoongozwa kwa mawimbi ya redio, bila waya wala kamba. Magari yalichelewa sana kufuata. Mwaka 1966 ndipo kampuni ya Italia, Elettronica Giocattoli, ilipotoa Ferrari ndogo ya rimoti, na mwaka 1976 Tamiya ya Japani ikatoa Porsche yake, mchezo ukashika kasi duniani. Wakati ule spidi iliongozwa kwa swichi na rizista, yaani ukitaka gari liende polepole, umeme mwingine unageuzwa kuwa joto tu. Kontrola za kielektroniki zilikuja kuwa za kawaida baadaye. Lakini angalia hilo neno redio hapo juu. Gari la rimoti ni redio yenye magurudumu. Mtu anayeijua redio ana nusu ya gari mkononi tayari.

Sasa mwaka huo wa Porsche ya Tamiya, sisi tulikuwa na nini? Televisheni Tanzania Bara ilianza 1994 (Zanzibar walitutangulia kwa miaka ishirini hivi, na hawajaacha kutukumbusha). Kwa kijiji cha kusini kifaa chenye saketi ndani kilikuwa kimoja tu: redio ya betri za tochi. Nyingine ziliunganishwa hapa hapa nchini, Philips pale Arusha na National za Matsushita pale Dar es Salaam. Na usidhani ilikuwa ya kusikilizia muziki tu. Mwaka 1973 serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kupitia redio, watu karibu milioni mbili nchi nzima wakakaa kwenye vikundi kusikiliza vipindi, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Ng'ambo ya mto Ruvuma FRELIMO walikuwa wanapigana na Mreno tangu 1964, na Msumbiji haikupata uhuru mpaka 1975. Kwa watu wa mpakani taarifa ya habari haikuwa burudani. Ilikuwa ni kujua kama usiku wa leo mtalala.

Basi redio ikikata sauti ufanyeje? Kutoka kwetu kwenda Songea mjini, kabla ya lami, masika ilikuwa safari ya kuombewa dua. Ndipo anapoingia huyu mtu wangu. Mara nyingi ugonjwa wenyewe ulikuwa mdogo: betri zimevuja, maji yake yamekula waya wa kwenye kibweta cha betri, au waya wa spika umekatika. Mdogo, ila bila lehemu hautibiki. Ukisokota waya kwa mkono unashika leo, kesho kutu imeingia katikati na sauti inakwaruza.

Neno lehemu lenyewe asili yake Kiarabu, na kabla ya redio lilikuwa neno la mafundi bati, wale wa kutengeneza vibatari na kuziba ndoo zinazovuja. Naamini fundi redio wetu alirithi kwao karibu kila kitu. Chuma chake hakikuwa cha umeme. Kilikuwa kipande kizito cha shaba kwenye fimbo ya chuma yenye mpini wa mti, kinachochomekwa kwenye jiko la mkaa. Asiye na shaba alichoma msumari mkubwa, kazi inatoka chafu lakini inatoka. Lehemu yake nyingine aliifyonza kutoka kwenye bodi za redio zilizokufa, maana dukani haikuwepo kila siku.

Ukisoma vitabu utakuta lehemu ya bati na risasi, ile ya 63 kwa 37, inayeyuka kwenye nyuzi 183, wakati bati peke yake inataka 232 na risasi peke yake 327. Ndiyo maana zinachanganywa. Yeye namba hizo hakuwa nazo. Aligusisha ncha kwenye lehemu akaangalia. Ikivutika kama uji mzito, bado, rudisha kwenye mkaa. Ikikimbia kama maji na kung'aa, twende. Halafu kuna ile sheria yake kubwa ambayo mpaka leo ndiyo inayowashinda wengi wanaounga mota za gari: kinachopashwa moto ni waya, lehemu inafuata yenyewe. Unakwangua waya mpaka ung'ae, unaupaka peste, unaulehemu peke yake. Unafanya hivyo hivyo kwenye kile kipande unachotaka kuungia. Ndipo unavikutanisha, unapasha mara moja, unashikilia bila kutikisa mpaka kipoe. Ukidondosha lehemu juu ya waya wa baridi inakaa kama tone la mshumaa juu ya nailoni. Kwa macho imeshika kabisa. Gari likikimbia mita ishirini waya uko chini unaburuzika.

Mambo yalichangamka katikati ya miaka ya 80. Biashara ikafunguliwa, akaingia Mwinyi ambaye wazee wetu walimwita Mzee Ruksa, na redio kaseti zikaanza kufika mpaka vijijini. Na ndani ya redio kaseti kuna mota. Hapa ndipo patamu.

Kaseti haitaki mchezo na spidi. Utepe lazima utembee sentimita 4.76 kila sekunde. Ukizidi, Marijani Rajab anaimba kama panya, ukipungua anaimba kama zimwi limeamshwa usingizini. Kwa hiyo ndani ya kopo la zile mota, waliozitengeneza waliweka kabisa kibodi kidogo cha kuzuia mizunguko isipande wala kushuka, hata betri zikianza kuchoka. Nyingi zilipangwa mizunguko 2400 kwa dakika. Nyuma ya kopo kuna kitundu, unaingiza bisibisi ndogo, unazungusha kidogo sana, muziki unakaa sawa. Fundi alikuwa anafanya hivyo kwa sikio tu, anasikiliza wimbo anaoujua mpaka sauti irudi kuwa ya mwenyewe. Umeona sasa? Kontrola ya spidi ilikuwa kijijini siku zote, jina lake tu ndio hatukulijua.

Magari ya waya, yale ya vizibo na matairi ya ndala, yanajulikana, kila mtu ana stori yake. Hatua iliyofuata ndiyo haizungumzwi. Watoto walichukua mota ya kaseti, wakaifunga kwenye kibao, mkanda wa mpira ukazungusha ekseli, betri kwenye boksi unalolishika mkononi. Rimoti yetu ilikuwa na waya, unatembea nyuma ya gari kama unachunga mbuzi. Ila kulikuwa na tatizo: mota yenye kile kibodi ukigeuza waya, chanya ukaiweka hasi, hairudi nyuma. Inagoma kabisa. Dawa ilikuwa kufungua kopo, kuking'oa kibodi, na kulehemu waya moja kwa moja kwenye miguu inayopeleka umeme kwenye brashi. Hapo gari linakwenda mbele na linarudi. Sisi tulionyeshwa na kaka zetu, nao walionyeshwa na fundi. Fikiria, mtoto wa darasa la tano ambaye daftari la sayansi hana, anajua kwamba spidi ni jambo moja na upande wa kuzunguka ni jambo lingine, na kwamba kifaa kimoja kinaweza kumnyima la pili ili ampe la kwanza.

Na mota zilipatikanaje? Wapo walioiba ya nyumbani, baba akirudi kutoka kwenye mikorosho anakuta kaseti haizunguki, siku hiyo hakuna aliyelala vizuri. Lakini njia ya halali ilikuwa meza ya fundi. Chini ya meza kulikuwa na maiti za redio zimelundikana. Ukikaa ukampepea mkaa, ukamshikia taa, ukaenda kumnunulia sigara, jioni unapewa mota. Hakukuwa na somo wala cheti, ulikuwa unaangalia tu mikono yake. Mimi nalihesabu hilo kama shule, tena shule iliyokuwa bora kuliko maabara nyingi zenye kufuli mlangoni.

Sasa njoo kwenye gari la leo. Mota ya gari la rimoti la ukweli inakula umeme mwingi sana kushinda ile ya kaseti, kwa hiyo waya wake ni mnene, na waya mnene unanyonya joto. Kijana anachukua kile chuma chembamba cha fundi simu cha wati 30, anagusa, anasubiri, lehemu haikimbii, anaendelea kugandamiza mpaka plastiki ya kwenye kichwa cha mota inalainika na brashi zinahama. Mota imekufa hapo hapo. Wanaoujua mchezo huu wanasema tumia wati 60 kwenda juu, ncha pana, gusa haraka uondoke. Ncha pana, nzito, yenye joto la kutosha kumaliza kazi kabla plastiki haijajua. Jamani si ndiyo ile shaba ya kwenye mkaa? Kwa waya wa aina hii babu yetu alikuwa na kifaa sahihi kuliko fundi simu wa mjini.

Hata zile kapasita ndogo zinazolehemiwa kwenye miguu ya mota ya brashi, kazi yake ni kumeza kelele za cheche zisije zikavuruga mawimbi ya rimoti. Fundi redio kelele hiyo anaijua, ni ule mkwaruzo unaosikika kwenye redio kaseti mota ikichakaa. Kipya kwake labda kingekuwa mota zisizo na brashi, zenye waya tatu. Hizo ukitaka izunguke upande wa pili unabadilishana waya mbili zozote kati ya tatu. Nina hakika angehitaji dakika moja kuelewa.

Betri ndizo zimebadilisha hatari. Betri za tochi ukikosea unapoteza muziki wa jioni. Betri ya lithiamu ukigusanisha waya zake mbili unaweza kupoteza chumba. Kwa hiyo unakata na kulehemu waya mmoja mmoja, ule mwingine umefungwa nailoni, na hakuna ujasiri wowote hapo.

Ila nao walikuwa na hatari yao na hawakuambiwa. Mikono miwili haitoshi, chuma huku na waya kule, kwa hiyo wengine walishika uzi wa lehemu kwa meno. Hiyo ni risasi mdomoni. Mkono ule ule ukaenda kwenye ugali. Umoja wa Ulaya ulizuia risasi kwenye vifaa vya umeme kuanzia 2006. Wa kwetu, wengi wao walikuwa wameshavuta moshi ule maisha mazima.

Siku hizi meza zimekwisha. Redio ni chipu moja, ikifa inatupwa, na muziki uko kwenye simu. Laini kubwa ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako ilifika Songea mwishoni mwa miaka ya 2010, yaani umeme wa uhakika wa kuwashia chuma cha lehemu ulikuja wakati mwenye chuma anafunga kazi. VETA nao, walioanzishwa kwa sheria ya 1994, wana utaratibu wa kumpima fundi wa mtaani na kumpa cheti bila kumrudisha darasani. Jambo zuri, nalipongeza. Lakini mzee ambaye macho yake hayaoni tena ncha ya waya, cheti atakipeleka wapi?

Ndiyo maana maoni ya "kipaji cha kuzaliwa" yananikera. Dogo ana kipaji, ndiyo, mpeni maua yake. Ila muulizeni pia ni nani alimwonyesha kukwangua waya kwanza. Mara tisa kati ya kumi utasikia kuna kaka, nyuma ya kaka kuna fundi.

Kwetu meza ilikuwa chini ya mwembe, upande wa barabara, ardhi yake mpaka leo ukichimba kidogo kwa kijiti unaokota vijipande vya waya. Kijijini kwenu ilikuwa wapi?