Gari lililotumika: vipi kuujua uzima wake kabla ya kulinunua

Katika barabara za Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, magari madogo ya aina ya SUV yamekuwa chaguo la familia nyingi: Toyota RAV4, Nissan X-Trail, Honda CR-V na Subaru Forester. Mengi yametumika kwanza Japani. Kwa mnunuzi, au kwa nduguye aliyetuma fedha kutoka Uingereza au Ghuba, gari hilo humeza akiba ya miaka. Hata hivyo, yapo mambo ambayo hata asiye fundi anaweza kuyachunguza kabla ya kulipa.

Nyaraka kwanza

Nchini Japani, gari jipya la abiria hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na kilomita zilizosomwa huandikwa kwenye cheti. Linganisha kumbukumbu hizo na dashibodi: ikiwa dashibodi inaonyesha kilomita chache kuliko cheti, mita imerudishwa nyuma. Iwapo gari lilipita mnadani, omba karatasi ya mnada. Alama ya 4 au zaidi huashiria hali nzuri. Herufi R au RA humaanisha gari liligongwa na kutengenezwa.

Kwa aliye Uingereza, historia ya ukaguzi wa kila mwaka, MOT, hupatikana bila malipo katika tovuti ya serikali, pamoja na maili na kasoro zilizoonekana. Aliye Marekani ajihadhari na hati yenye neno "salvage", yaani gari ambalo kampuni ya bima ililihesabu kuwa limeharibika kabisa. Baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005, magari yaliyozama yalikaushwa na kuuzwa katika majimbo mengine. Inua zulia utafute matope, na utazame kutu kwenye reli za viti.

Kagua injini ikiwa baridi

Mwombe muuzaji asiiwashe injini kabla hujafika, kwani injini iliyokwisha kupashwa moto huficha mengi. Moshi wa buluu ni dalili ya oili kuungua. Baadhi ya RAV4 zenye injini ya lita 2.4 za katikati ya miaka ya 2000 zinajulikana kwa kula oili kwa sababu ya pistoni na ringi zake. Pima kiwango cha oili, na uulize huongezwa mara ngapi kati ya sevisi moja na nyingine.

Kwa Forester za zamani zenye injini ya lita 2.5, udhaifu unaofahamika ni gasketi ya silinda hedi. Chungulia chini ya injini kama kuna oili au maji yanayovuja, na uangalie mapovu katika chupa ya maji ya rejeta. Gari lipande mlima mrefu, huku ukiutazama mshale wa joto.

Giaboksi na foo-wili

X-Trail nyingi za petroli zilizotengenezwa kuanzia mwaka 2007 hutumia giaboksi ya CVT, isiyo na gia za kawaida. Nchini Marekani, Nissan ilirefusha dhamana ya giaboksi za aina hiyo kwa magari ya modeli za 2003 hadi 2010, hadi miaka 10 au maili 120,000. Liendeshe gari kwa dakika 30 au zaidi. Likitetemeka, likivuma isivyo kawaida, au injini ikipaza sauti bila mwendo kuongezeka, liache.

Kisha kata usukani hadi mwisho na uzunguke polepole. Forester ikishtukashtuka kama inayozuiliwa, huenda kiungo kinachogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma kimekufa. CR-V ikiguna nyuma, huenda ni oili ya difu iliyochakaa tu, kasoro isiyo ghali. Hakikisha matairi yote manne yana ukubwa mmoja na yamelika kwa kiasi kimoja, kwani yanayotofautiana huharibu mfumo huo.

Sheria za nchi

Kenya hairuhusu kuingizwa magari yaliyozidi umri wa miaka 8, na hutaka usukani uwe kulia. Hivyo gari la Ghuba, lenye usukani kushoto, halimfai mnunuzi wa Mombasa. Uganda ilipiga marufuku mwaka 2018 kuingizwa kwa magari yaliyozidi miaka 15. Tanzania hutoza kodi ya ziada kwa magari makuukuu.

Hatimaye, mwite fundi wako mwenyewe, si yule aliyeletwa na muuzaji wala dalali. Alinganishe namba ya chesisi iliyo kwenye bodi na ile iliyo kwenye kadi ya gari. Namba zikitofautiana, usilipe hata malipo ya awali.