Waliokuja Kupima Maji ya Masisi

Wageni hucheka wakisikia kwamba katika shule ya Masisi nafundisha habari za viumbe vya baharini. Kutoka kwetu hadi Banana, ambako mto Kongo unamwagika Atlantiki, unakata nchi nzima. Walikale, kwa wajomba zangu, ni msitu na mito: Oso, Lowa na vijito vyake. Mwanafunzi aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, bahari iko wapi huku kwetu?" Nilimwambia kwamba maji ya Lowa yanaingia Lualaba, na Lualaba ndiyo Kongo, kwa hiyo mvua ya Walikale hufika baharini kabla yake yeye. Lakini jibu lenyewe ni refu zaidi, na linaanzia katika ziwa ambalo wengi wa Goma hawajawahi kuliona.

Mwaka 1935 na 1936 mtaalamu wa wanyama kutoka Chuo Kikuu cha Liège, Hubert Damas, alizunguka eneo la Mbuga ya Albert akipima maziwa. Kitabu chake kilitoka Ubelgiji mwaka 1937, na jalada lake linataja maziwa matatu: Kivu, Edouard na Ndalaga. Mawili ya kwanza kila mtoto wa shule huyataja. La tatu ni Ndalaha yetu, mojawapo ya maziwa ya Mokoto kule Bashali, pamoja na Lukulu, Mbalukia na Mbila, yaliyotokea pale lava ilipoziba mabonde. Ziwa dogo la Masisi liliwekwa mstari mmoja na maziwa ya kimataifa. Hilo peke yake lanitosha kumheshimu Damas, ingawa alikuja kwa kazi ya serikali ya kikoloni na chupa zake zilibebwa na watu wasioandikwa majina.

Alichokuta Kivu kilikuwa kinyume cha desturi. Katika ziwa la kawaida, ukishuka unakutana na baridi. Kivu inapoa kidogo hadi kina cha mita 80 hivi, halafu inaanza kupata joto tena kadiri unavyoteremka. Maji ya chini yana chumvi nyingi, ni mazito, hayapandi. Hayana oksijeni, bali gesi nyingine, methani ikiwa mojawapo. Samaki wote, na riziki yote ya wavuvi, wamo katika tabaka la juu tu la ziwa lenye kina cha mita 485.

Nani angeeleza joto hilo? Kazi ikawaangukia watu wa bahari. Msafara wa Wabelgiji wa 1952 hadi 1954 ulifanyia kazi Kivu, Edouard na Albert. Kina cha Kivu kilipimwa na André Capart, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameshiriki safari ya utafiti wa bahari katika pwani ya Atlantiki ya Afrika. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakaja watafiti wa Taasisi ya Bahari ya Woods Hole, Marekani, wakiongozwa na Egon Degens. Degens alikuwa ametoka kuchunguza maji ya moto yenye chumvi chini ya Bahari ya Shamu. Alipotazama Kivu aliona bonde la ufa la aina ile ile likiwa bado changa, na chemchemi za moto zikitiririka chini ya ziwa. Mwenzake, Holger Jannasch, alichunguza bakteria wanaokula methani ya Kivu, na baadaye akajulikana kwa viumbe wa chemchemi za moto zilizo chini kabisa ya bahari.

Mimi nilijifunza mambo haya Bukavu, katika Institut Supérieur Pédagogique. Asubuhi ilikuwa somo, mchana hadubini. Hadubini yetu ilitegemea kioo cha kunasa mwanga wa dirishani, na Bukavu ikiwa na mawingu, ambayo haikosi, ulihesabu vivuli. Tuliburuta ziwani wavu mwembamba wa planktoni, viumbe vidogo vinavyoelea majini, tukamwaga kilichonaswa kwenye chupa, tukatia matone ya iodini ya Lugol, kisha kazi ya kuchosha: huyu kopepoda, huyu si kopepoda, huyu tena kopepoda. Msimamizi wetu hakujua neno jingine zaidi ya "Rudia kuhesabu." Safari ya utafiti ilikuwa mtumbwi wa mbao wenye injini ndogo, alfajiri, kabla upepo haujaamka. Tuliteremsha sahani ya Secchi kwa kamba hadi isionekane, tukasoma mita. Sahani hiyo ilijaribiwa mwaka 1865 na padri Angelo Secchi, ndani ya meli ya Papa katika Mediterania. Nasi tuliitumia vile vile Ishungu, ghuba ya Kivu.

Kuhesabu huko hakukuwa mchezo wa wanafunzi. Wabelgiji waliona kwamba planktoni ya Kivu haina samaki wa kuila katikati ya ziwa, na karibu na mwaka 1959 wakaleta dagaa kutoka Tanganyika. Waliishia kupata Limnothrissa miodon, ambaye ndiye sambaza. Leo mitumbwi mitatu iliyofungwa kwa miti mirefu hutoka usiku na taa kumfuata, na usiku wa mwezi mpevu wavuvi hulalamika. Mwaka 1986 Henri Dumont wa Gent aliuliza hadharani kama samaki huyo si janga jingine kwa Afrika: akimaliza planktoni, naye atakwisha. Ni hoja ya mtu mwerevu. Daphnia, kiumbe mkubwa wa planktoni aliyekuwapo zamani, kweli alitoweka, na planktoni ilipungua. Ila sambaza hakwisha. Waliothibitisha hilo kwa sampuli, mwezi baada ya mwezi, ni watu wa Bukavu wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Namur, Ubelgiji: Boniface Kaningini kuhusu ukuaji na uzazi wa sambaza, Pascal Isumbisho kuhusu zuplanktoni, katika tasnifu yake ya 2006. Swali kubwa liliulizwa Ulaya, likajibiwa na wakazi wa kando ya ziwa, kwa kuwa wao tu ndio walioweza kulisubiri.

Sasa rudi Masisi. Kabuno, ghuba ya Kivu iliyo mbele ya Sake, imetengwa na ziwa kubwa kwa kizingiti cha chini ya maji. Oksijeni yake huisha kwenye kina cha mita kama 10, na maji yake yamejaa chuma. Mwaka 2015 timu yenye watu wa Namur na Liège, kwa Damas yule yule, ilieleza bakteria wa Kabuno wanaotumia mwanga kuoksidisha chuma, jambo linalodhaniwa lilitendeka katika bahari za dunia kabla hewa haijawa na oksijeni. Kwa hiyo yule mwanafunzi na aambiwe: bahari ya kale kuliko zote iko Sake, karibu na soko.

Ndalaha haikupata bahati hiyo. Watawa wa Kitrapisti walijenga monasteri yao huko Mokoto mwaka 1954. Mei 1996 watu waliokimbilia kwao waliuawa, na watawa wakaondoka. Vita vimerudi tena na tena, hadi Januari 2025 vilipopita Masisi-centre na Sake. Hakuna mpimaji anayeacha kamba yake ziwani akitegemea kuirudia mwezi ujao.

Hata hivyo sahani ya Secchi ni bati lililopakwa rangi nyeupe na nyeusi, na kipimajoto hakigharimu bei ya mbuzi. Ninyi walimu wa biolojia wa Sake, Kitshanga na Mweso, na wakubwa wa elimu wa Kivu Kaskazini: pale palipotulia, wapeni wanafunzi kamba, bati na daftari, waandike namba kila mwezi, na daftari lipelekwe Bukavu.