Chai ya Mafua Kwetu Kasongo na Kabambare

Kwetu Kasongo na Kabambare, mvua zikirudi, mafua nayo yanarudi. Hapo mama anaweka sufuria kwenye moto. Anaponda tangawizi, anatia majani ya sitroneli, yale ambayo watu wa pwani wanayaita mchaichai, anaacha yachemke mpaka maji yageuke rangi. Akiisha kuepua, anakamulia ndimu na kuongeza asali. Mgonjwa anakunywa chai ingali moto, anafunikwa blanketi, anaambiwa: “Kunywa yote, utoke jasho, kesho utaamuka muzima.”

Wengi wetu tunasema hii ni dawa ya mababu. Ni kweli, lakini mababu gani? Asali ilikuwa katika misitu yetu kabla ya msafara wowote kufika. Tangawizi na ndimu asili yake ni Asia, na majina tunayoyatumia ni ya pwani. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikapita Kabambare hadi Kasongo na Nyangwe. Tippu Tip aliweka makao Kasongo miaka ya 1870. Jeshi la Dhanis lilipouteka mji huo mwezi wa 4, 1893, daktari Hinde aliyekuwa pamoja nalo aliona mashamba ya miwa, mahindi na matunda, na shamba moja la mpunga lililomchukua saa moja na nusu kulipita.

Mashamba hayo yalilimwa kwa jasho la watumwa. Basi tukisifu ustaarabu wa Waungwana, tusisahau kwamba viungo vya kikombe hiki vilipita njia ya machozi. Majina yake nayo yaliendelea na safari: hata Kinshasa, kwa Lingala, watu wanasema tangawisi na ndimo.

Wakati wa vita vya 1998–2003, barabara zilipofungwa na dawa za duka zilipokosekana, familia zilizokimbilia porini zilibaki na majani tu. Aliyeyajua alisaidia jirani zake.

Lakini tuseme wazi: chai hii inatuliza koo na kufungua pua, haiponyi malaria wala kichomi. Homa ikipanda, ao mtoto akipumua mbiombio, twende kituo cha afya bila kungoja. Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe asali.

Wazee wetu wangali wanajua majani mengine ya kunywa na ya kujifukiza, kwa majina ya Kibangubangu, Kizimba na Kikusu. Watoto wetu wengi wanajua majina ya Kiswahili na ya Kifaransa peke yake. Tuwaulize wazee sasa, tuandike jina, tukaushe jani lenyewe, tuweke na kipimo chake. Jani likipoteza jina, siku moja mtu atachuma lingine linalofanana nalo, na hilo laweza kuwa sumu.