Gobole la babu, raifo ya bwana mifugo

Kama ukoo wenu uliwahi kuwa na bunduki, naomba nibashiri bila ramli: ilikuwa gobole. Mtutu mrefu, laini kwa ndani. Unashindilia baruti kwa mbele, unatia goroli au vipande vya nondo, unasali kidogo, halafu unafyatua. Simjui babu yako, lakini ningeweka dau. Na kinachonipa uhakika huo hakiko Ugogo wala Unyamwezi. Kiko Brussels, Ubelgiji, kwenye karatasi iliyosainiwa tarehe 2 Julai 1890.

Nitafika huko. Kwanza niwaambie nimeingiaje kwenye habari za bunduki, maana gazetini mimi ni mtu wa vikao vya madiwani na mgao wa maji.

Hapa Ipagala ninapoishi nina jirani, mwalimu mstaafu, ameshapita miaka themanini. Jioni moja nikamsalimia kwa kile Kigogo changu cha kuokoteza, "Mbukwa babu", akaniita nikae. Akasema: "Mjukuu wangu, wewe unazunguka, unajuana na watu. Nitafutie ile bunduki ndogo ya zamani. Ya ishirini na mbili. Iwe nzima, sitaki ya kubandikabandika."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Alipokuwa mtoto wa shule Mpwapwa, kulikuwa na bwana mifugo wa Kizungu kwenye kituo cha mifugo cha pale, ambaye Jumamosi alikuwa akitoka na bunduki yake ndogo kupiga kanga. Babu ndiye aliyekuwa mbeba kanga. Anaukumbuka mlio wake hadi leo, anasema haukuwa kishindo, ulikuwa kama kijiti kikavu kinavunjika. Aliwabeba kanga kwa miaka miwili. Bunduki hakuishika hata siku moja. "Nyumbani tulikuwa na bunduki ya baba," akaniambia, "lakini ile ilikuwa gobole."

Hilo "lakini" lake ndilo lililonipeleka maktaba.

Tuanze na njia. Katika karne ya 19 misafara kutoka Bagamoyo ilipanda hadi Mpwapwa, ikavuka pori kame la Marenga Mkali, ikaingia Ugogo, ndipo ikafika Tabora. Hakuna aliyepita Ugogo bure. Burton na Speke walilipa hongo kwa watemi mwaka 1857, Stanley akalipa mwaka 1871, na wote wawili, Burton na Stanley, walilalamika kwa kurasa nyingi. (Hongo enzi hizo haikuwa rushwa, ilikuwa ushuru halali wa kupita kwenye nchi ya watu. Neno limeharibika baadaye.) Hongo ililipwa hasa kwa vitambaa, shanga na waya. Wagogo walijulikana zaidi kwa mikuki na ngao, lakini mbele ya macho yao mzigo mwingine ulikuwa unapita: bunduki na mapipa ya baruti, kwenda kwa akina Mirambo na kwa Waarabu wa Tabora.

Bunduki hizo zilitoka wapi? Jibu litawachekesha kama mmewahi kupita sokoni kununua jaketi. Zilikuwa mitumba.

Kila jeshi la Ulaya lilipobadilisha bunduki, zile za zamani ziliuzwa kwa bei ya kutupa, zikapakiwa melini, zikashuka Unguja. Mwaka 1886 mambo yakazidi. Wafaransa walitoa bunduki ya Lebel, kaliba ya milimita 8, yenye baruti isiyotoa moshi mwingi. Kaliba ndiyo upana wa tundu la mtutu. Wakati huo askari wa Ulaya alikuwa akibeba bunduki ya karibu milimita 11, na moshi wake ulimwonyesha adui pale alipojificha. Kwa hiyo kila taifa likakimbilia kaliba ndogo, na makubwa yale yakawa mtumba. Mwaka 1888 Euan-Smith, konseli wa Uingereza Unguja, aliiandikia serikali yake kwamba bunduki zinazoingia upande huu wa Afrika zinafikia kati ya 80,000 na 100,000 kwa mwaka.

Sasa fikiria Mzungu anayejiandaa kuitawala nchi hii anasoma barua hiyo. Mwaka huohuo Abushiri aliwaka moto pwani dhidi ya kampuni ya Wajerumani, na mwaka 1889 watu wake wakaiteketeza hata stesheni yao ya Mpwapwa.

Mkutano wa Brussels wa 1889 na 1890 uliitwa kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa, na sitaki kusema kwamba hiyo ilikuwa hadaa tupu. Bunduki na utumwa vilikuwa vinatembea pamoja, kila aliyeishi kwenye njia ya misafara alilijua hilo. Lakini soma vifungu vya silaha. Vinapiga marufuku kuingiza silaha za moto, hasa raifo na za kisasa, katika eneo lote la Afrika kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini. Halafu kuna mlango mdogo umeachwa wazi: bunduki za gumegume zisizo na mifereji, na baruti ya kawaida, zinaweza kuuzwa kwa utaratibu maalumu.

Kwa asiyejua tofauti: raifo ina mifereji ndani ya mtutu, imezunguka kama skrubu. Risasi ikipita humo inatoka inajizungusha, ndiyo maana inakwenda ilikotumwa. Gobole halina mifereji. Risasi inatoka inavyojisikia.

Kwa maneno mengine, walikaa mezani wakaamua Mwafrika anaweza kuwa na bunduki ya kukosea.

Na hata pale raifo ilipopatikana, kulikuwa na kamba nyingine. Tarehe 17 Agosti 1891, kule Lugalo, Wahehe wa Mkwawa walimvamia Zelewski na kikosi chake, wakachukua bunduki kwa mamia. Ushindi mkubwa, kila mtoto wa shule anaujua. Lakini gobole unalilisha chochote, hata kokoto ukikwama. Raifo inakula risasi ya kiwandani tu, na kiwanda kiko Ulaya. Ukimaliza zile ulizoteka, unabaki na rungu la bei ghali.

Wajerumani wenyewe hawakuwapa askari wao Waafrika kitu cha maana sana. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, kampuni nyingi za askari zilikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871, ileile ya milimita 11, ileile ya moshi. Novemba mwaka huo, baada ya kuwashinda Waingereza Tanga, waliokota raifo 455 na risasi 600,000, wakafurahi kama wamepata mahari. Mwishoni mwa Julai 1916 jeshi la Van Deventer liliingia Dodoma, na Ugogo ikabaki na mifugo iliyochukuliwa na pande zote mbili, halafu ikaja njaa ya Mtunya. Lakini hiyo ni makala yake yenyewe.

Waingereza walipokaa waliendelea palepale. Mkataba wa Saint-Germain wa 1919 ulichukua nafasi ya ule wa Brussels kwa upande wa silaha, desturi haikubadilika. Mwafrika wa kawaida aliyepewa kibali alipewa cha gobole. Raifo ilikuwa ya Mzungu na wachache waliopendelewa. Kwa hiyo baba wa jirani yangu na bwana mifugo hawakutofautiana kwa pesa wala kwa ladha. Walitenganishwa na kifungu cha sheria.

Turudi kwenye kazi niliyopewa. Hiyo "ya ishirini na mbili" ni kaliba ya inchi 0.22, kama milimita 5.6 hivi. Risasi yake maarufu, inayoitwa Long Rifle, ilitoka Marekani mwaka 1887. Ni bunduki ya kanga, sungura na ngedere wa shambani. Fisi ukimpiga nayo utamkasirisha tu. Zilizobaki nchini kwetu kutoka enzi za mkoloni ziliingia na mabwana shamba, mameneja wa mkonge na watu wa namna hiyo. Kwa hiyo mtu anayetafuta moja leo hatafuti bunduki, anatafuta Mzungu aliyeondoka na mtu aliyeachiwa.

Wa kwanza niliyeelekezwa alikuwa na kitu alichokiita "ya Mjerumani". Ilikuwa bomba la maji. Karatasi hana. Nikaaga mapema, na wewe ukikutana na ya hivyo aga mapema. Silaha isiyo na leseni si kumbukumbu ya historia, ni kesi. Serikali imeshatoa vipindi vya msamaha, kwa mfano mwaka 2022, ili wenye silaha za hivyo wazisalimishe bila kushtakiwa.

Ya pili ilikuwa Kilosa. Fundi wa shamba la mkonge aliuziwa na meneja wake aliyekuwa anarudi kwao, miaka ya sitini, na kitabu cha leseni kipo. Fundi amefariki. Leseni ni ya mtu, hairithiwi kama shamba, hivyo watoto wake waliipeleka polisi ikatunzwe, na wako tayari kuiuza kwa atakayepata kibali. Ni BSA ya Birmingham. Ndiyo, haohao wa baiskeli, na alama yao ni bunduki tatu zilizosimamishwa zikaegemeana. Hapo nilicheka peke yangu, maana Birmingham ndiyo mji uliofyatua magobole ya kuuzia Afrika kwa vizazi. Jumba la kupimia mitutu la mji huo, lililoanzishwa mwaka 1813, lilipitisha biashara zote mbili.

Fundi bunduki mmoja mstaafu alinipa darasa la bure kabla ya safari. Usianze na mbao, mbao inapakwa vanishi. Toa komeo, chungulia mtutu kwa nyuma ukiuelekeza kwenye mwanga: mifereji iwe na kingo kali, na ukiona kivuli cha pete katikati ujue mtutu uliwahi kuvimba kwa risasi iliyokwama. Angalia mdomo wa mtutu, wengi wameusaga kwa fimbo ya kusafishia. Kisha angalia ukingo wa chemba. Risasi ya .22 hupigwa pembeni, si katikati, kwa hiyo bunduki iliyofyatuliwa sana ikiwa tupu huwa na kidonda pale pini inapogonga. Chunguza kutu chini ya mbao. Mwisho, namba ya chuma ifanane na namba ya karatasi. Na kumbuka ganda la .22 halijazwi tena, likishapigwa limekufa, kwa hiyo uliza kwanza risasi utanunua wapi kwa halali.

Kibali sasa kinatolewa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyofuta ile ya 1991. Polisi watataka kujua wewe ni nani, majirani wanakuonaje, unaitakia nini na utaitunza wapi. Babu alijaza fomu kwa mwandiko wake wa ubaoni. Kwenye sababu akaandika ngedere, ambao kweli wanammaliza mahindi. Wanawe hawajaridhika. Mkubwa alinipigia simu kuniuliza, kwa adabu lakini kwa ukali, kama naelewa baba yao ana umri gani, na swali hilo ni la haki. Nikamwambia waamuzi ni polisi, mimi natafuta tu.

Wiki mbili zilizopita tulikwenda wote Kilosa, babu, huyo mwanawe na mimi. Kibali bado. Askari wa ghala alikuwa kijana mstaarabu, akamwamkia babu shikamoo, akamweleza kwamba kuishika haruhusiwi mpaka karatasi zikamilike, kuitazama ni ruksa. Akatoa komeo, akauelekeza mtutu dirishani. Babu akavua miwani, akafumba jicho moja, akachungulia muda mrefu hadi mwanawe akakohoa.

"Mifereji ipo yote," akasema.