Nauli nafuu ya ndege na gharama zake za ziada

MASHIRIKA ya ndege ya bei nafuu hushusha nauli kwa kutenganisha safari na huduma. Abiria hununua nafasi ya kusafiri tu. Mzigo, chakula na kuchagua kiti hulipiwa kando.

Ryanair ya Ireland, iliyoanza safari zake mwaka 1985, ni mfano unaojulikana zaidi barani Ulaya. Ndege zake aina ya Boeing 737-800 huchukua abiria 189. Viti vyake havilali nyuma wala havina mifuko ya kuwekea vitu, hivyo usafi humalizika upesi na ndege kuruka tena mapema.

Mwaka 2006 shirika hilo lilianza kutoza mzigo unaokabidhiwa uwanjani. Siku hizi begi dogo linaloingia chini ya kiti ndilo pekee lisilolipiwa.

Tozo hizo zimezua mgogoro. Mwaka 2014, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitamka kuwa begi la mkononi lenye ukubwa na uzito wa kiasi halipaswi kutozwa. Haikutaja vipimo, na hapo ndipo ubishi ulipobaki. Novemba 2024, Hispania iliyatoza mashirika 5, Ryanair ikiwamo, faini ya jumla ya euro milioni 179. Mashirika hayo yaliipinga.

Hivyo basi, anayelinganisha nauli hana budi kujumlisha kwanza gharama za begi na kiti. Tiketi iliyoonekana rahisi yaweza kuipita ya shirika la kawaida.