Vitenzi vilivyopita Ikutha

Barabara ya Kibwezi kwenda Kitui hupita Ikutha, kusini mwa Ukambani, ambako Walutheri wa Misheni ya Leipzig walikuwa na kituo miaka ya 1890. Johannes Hofmann alikaa humo akiandika desturi za Wakamba. Ernst Brutzer, wa misheni hiyo hiyo, alitunga kitabu cha kufundishia Kikamba.

Hawakuanzia patupu. Mwaka 1850, huko Tübingen, Ludwig Krapf alikwisha kuchapisha orodha ya maneno ya lugha sita za Afrika Mashariki, Kikamba na Kiswahili zikiwamo.

Aliyezoea lugha za Ulaya hukutana Ukambani na jambo zito. Kiingereza hukiongezea kitenzi neno dogo nyuma, na maana huweza kugeuka kabisa: "give" ni kupa, lakini "give up" ni kukata tamaa. Anayetafsiri neno kwa neno hupotea. Kikamba hufanya kazi hiyo ndani ya kitenzi chenyewe. Kuvinga ni kufunga, kuvingua ni kufungua. Silabi moja imetosha kugeuza mlango. Mswahili anaijua njia hiyo: kukimbia ni kwenda mbio, kukimbilia ni kutafuta hifadhi. Hapo ndipo ustadi wa lugha hizi unapoonekana, na unastahili kufundishwa kwa fahari.

Vita vya 1914 viliwaondoa Wajerumani, na vituo vyao vya Ukambani vikachukuliwa na Africa Inland Mission, misheni ya wasemaji wa Kiingereza. "Give up" ikapata walimu wake.